Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu,

Assalaam aleykum.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tufuatilie chaguzi za jirani zetu wa Bahari ya Hindi, na tuwe karibu na wananchi wa shehia zetu katika zoezi la kuandikishwa kupiga kura. Taarifa hii karibu yote ni ya mambo hayo. Ya ndani ya chama nayapitia upesi: vikao vya kamati vimekaa kama katiba yetu inavyotaka, tawi la Pemba limepata katibu mpya, ada bado zinasuasua, na hesabu atazisoma Mweka Hazina baada yangu. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Naanza na Komoro, kwa sababu ndiko kulikotuuma zaidi. Mitaa mingi ya mjini hapa Unguja ina koo za Kingazija, yaani zenye asili ya Komoro, na chama cha ukombozi cha Wakomoro, MOLINACO, kilifanya kazi zake kikiwa Dar es Salaam. Yanayowapata hatuwezi kuyatazama kama habari za mbali.

Tarehe 14 Januari 2024 Wakomoro walipiga kura ya rais na ya magavana wa visiwa siku moja, katika vituo vile vile. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Rais Azali Assoumani kuwa mshindi kwa karibu asilimia 63, na ikasema waliopiga kura ya urais ni kiasi cha 16 tu katika kila mia. Lakini kura ya magavana ilionyesha watu wengi mno kuliko hao. Mpiga kura ameingia kituoni, amepewa karatasi zake, ya gavana ameitia sandukuni, ya rais ameipeleka wapi? Hakuna aliyelijibu swali hilo. Watu wakaingia barabarani katika mji mkuu, Moroni, serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku, na damu ikamwagika. Kisha Mahkama ya Juu ikatoa hesabu yake: waliojitokeza wamepanda kutoka 16 hadi zaidi ya 56 katika mia, na ushindi wa rais umeshuka hadi asilimia 57. Tume na mahkama, nchi moja, sanduku moja, hesabu mbili, na mwananchi hana pa kwenda kuuliza ipi ni ya kweli.

Kamati ya utafiti ilirudi nyuma kutafuta wapi mambo yalianza kuharibika. Baada ya kisiwa cha Nzwani kujitenga mwaka 1997, makubaliano ya Fomboni ya Februari 2001 yalileta urais wa zamu baina ya visiwa. Zamu ile, pamoja na kasoro zake, iliendeshwa: Azali wa Ngazidja alimwachia Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani mwaka 2006, na mwaka 2011 ikawa zamu ya Ikililou Dhoinine wa Mwali. Mwaka 2008 askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliotumwa na Umoja wa Afrika kuirudisha Nzwani ndani ya utaratibu huo, kwa hiyo na sisi tuna mkono katika jambo lile. Kisha, Aprili 2018, Mahkama ya Katiba ilivuliwa mamlaka yake na kazi zake zikahamishiwa Mahkama ya Juu. Miezi mitatu baadaye ikapigwa kura ya maoni iliyomruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo. Novemba 2022 Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha na mahkama ambayo hukumu yake haikatiwi rufaa.

Nasema kwa uzito wote: uchaguzi wa 2024 uliharibika mwaka 2018, siku walipoondolewa majaji waliokuwa na uwezo wa kumwambia rais hapana. Sura ya haki za raia ilibaki kwenye karatasi. Aliyeondoka ni yule wa kumpelekea shauri.

Morisi imetupa habari njema. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba, serikali iliamuru mitandao ya kijamii ifungwe hadi kura zipite. Watu na vyombo vya habari wakapiga kelele, na amri ikaondolewa siku ya pili yake. Tarehe 10 Novemba wapigakura wakakipa kambi ya upinzani viti 60 kati ya 62 vinavyogombewa, na Waziri Mkuu Pravind Jugnauth akakubali kushindwa hata kabla hesabu haijakamilika. Hata huko deni lipo. Wachagosi, wenyeji wa visiwa vya Chagos, waliohamishwa kwa nguvu katika visiwa vyao mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 walisikia tarehe 3 Oktoba kwamba Uingereza na Morisi zimeafikiana kuhusu ardhi yao, na wengi wao wanalalamika kuwa hawakuulizwa. Kwangu mimi hilo ni kosa lile lile la ukoloni, ila safari hii limefanywa na pande mbili.

Mjadala mkali kuliko yote uliohusu nchi za nje ulikuwa wa Shelisheli. Wazee wetu wanakumbuka mapinduzi ya tarehe 5 Juni 1977, na kwamba Tanzania ilipeleka askari kuilinda serikali mpya ya France-Albert René. Mfumo wa chama kimoja ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu walipotea, wengine walikimbilia ng'ambo, mali zilichukuliwa. Tume ya ukweli na maridhiano ilianza kuwasikiliza waathirika mwaka 2019. Kwa rekodi hiyo, nani angetegemea yaliyofuata? Disemba 2015 mgombea wa upinzani, Wavel Ramkalawan, alishindwa urais kwa kura 193. Kura 193, ndugu zangu, hazijazi hata ukumbi wa skuli. Alikwenda Mahkama ya Katiba, akasikilizwa hadharani, akashindwa kesi. Mwaka uliofuata upinzani ukachukua wingi katika Bunge, na mwaka 2020 Ramkalawan akashinda urais na kukabidhiwa nchi kwa amani.

Baadhi yenu mlisema Shelisheli ni ndogo mno kulinganishwa na sisi. Sikubaliani. Udogo ndio unaofanya jambo liwe gumu, kwa sababu mshindi na mshindwa watakutana sokoni, msikitini au kanisani, na kwenye harusi. Aliyeshindwa kwa kura 193 na akapewa nafasi ya kusikilizwa ana sababu ya kusubiri miaka mitano. Asiyesikilizwa hana.

Na sisi je? Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina sura nzima ya haki za msingi, na tumewahi kuona mahkama ikisimama upande wa watuhumiwa. Novemba 2000 Mahkama ya Rufaa ilisema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, na watuhumiwa 18, wengine wakiwa wamekaa ndani karibu miaka mitatu, mwezi huo huo wakarudi kwao. Lakini katiba hiyo hiyo inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahkama itakayochunguza uchaguzi wake. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi mzima ulifutwa kwa tangazo la mwenyekiti wa Tume, ukarudiwa Machi 2016 bila chama kikuu cha upinzani. Tukabaki tunabishana barazani, maana pengine pa kubishania hapakuwepo. Mahkama ya Afrika iliyopo Arusha ilishaamua, Julai 2020, kuwa kifungu kama hicho katika Katiba ya Muungano kinavunja haki za raia. Hukumu hiyo bado inasubiri kutekelezwa.

Katika uandikishaji, wenzetu wa kujitolea walikaa nje ya vituo kwa ustahamilivu mkubwa. Nawataja kwa moja tu. Dada mmoja aliyerudi kwao baada ya talaka alifika na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi mkononi. Wakala akamgeukia sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, na sheha akatikisa kichwa: "Simtambui kuwa mkaazi wangu." Nyumba ya mama yake inaonekana kutoka pale walipokaa. Wenzetu walimsaidia kuandika malalamiko, wakayapeleka, na hadi naandika taarifa hii hajajibiwa. Haki yake ya kupiga kura imekwama kwenye kichwa cha mtu mmoja kilichotikisika mara moja.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu kwa mwaka 2025, ambao ni mwaka wa uchaguzi. Tunaomba kuandaa maoni rasmi kwa Baraza la Wawakilishi ili matokeo ya urais yaweze kupingwa mahkamani ndani ya muda maalumu. Tunaomba pia fedha za nauli na chakula kwa wanachama watakaokaa tena vituoni, Unguja na Pemba, wakiwa na daftari la kuandika kila anayekataliwa, sababu aliyopewa na aliyeitoa. Rasimu ya maoni imo katika makabrasha yenu, ukurasa wa mwisho; mwenye marekebisho amkabidhi Katibu kabla ya sala ya adhuhuri ili tupige kura tukirudi.

Namkaribisha Mweka Hazina.