Somo, ile TV ya chogo isiuzwe

Tabata, Jumapili usiku

Somo yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Hujambo, mama hajambo, watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Salamu zenyewe nitazirudia kwa utulivu chini huko, maana nina jambo linaniwasha na naogopa likilala mpaka kesho tutakuwa tumechelewa.

Mwanaidi kanipigia mchana. Katika maneno yake mengi akapitisha moja: mnapaka rangi sebule, na ile TV ya chogo ya juu ya kabati la vyombo imetolewa uani inamsubiri kijana wa vyuma chakavu. Somo, nakuomba kwa jina letu hili moja, isiende. Kama keshaichukua, mtume mtoto amfuate. Akitaka pesa mpe, nitakurushia kwenye simu usiku huo huo. Lile chogo lina shaba ndani, na ndiyo anayoitafuta. Akishaipasua hakuna fundi wa kuirudisha.

Ngoja nikueleze ilivyoanza.

Mwezi uliopita baba Asma alimnunulia mtoto pale Kariakoo kigemu cha mkononi, vile vilivyoandikwa kuwa vina gemu 400, vinavyoenea kiganjani. Mimi nilijua atakitupa baada ya siku mbili. Asma huyu unamjua: kazoea gemu ya mpira ya kwenye PlayStation, anacheza na watoto wa Hamza walioko Muscat, kavaa spika za masikioni, huyu anapiga kelele Tabata na yule anamjibu kutoka kule. Nyasi za uwanja unaziona moja moja, jasho la mchezaji unaliona. Sasa mtoto huyo unampa Mario wa vipande vipande!

Akafungua. Roho tatu zote akazimaliza kwa yule uyoga wa mwanzo kabisa, yule anayekuja taratibu. Akaniuliza, "Mama, nabonyeza wapi niendelee nilipoishia?" Nikamwambia hakuna, unaanza upya. Alinitazama kama nimemwambia leo hakuna chakula. Lakini akaanza upya. Kesho yake tena. Siku ya nne akanifuata jikoni, kigemu mkononi: "Mama, mawingu na vichaka ni kitu kimoja."

Nikafuta mikono nikaangalia. Somo, ni kweli! Lile wingu la juu na kile kichaka cha chini ni mchoro mmoja, kimoja kimepakwa cheupe na kingine kijani. Miaka yote ile mkekani kwenu sikuliona, wewe uliliona? Nikaenda kusoma sababu. Super Mario Bros. ilipotoka Japani mwaka 1985, gemu nzima, na miziki yake, na mabomba, na lile zimwi la mwisho, ilitoshea kwenye kilobaiti 40 tu. Ile picha moja ya harusi ya Rukia uliyonitumia ina uzito kuliko Mario wote. Ndiyo maana walibana hivyo, mchoro mmoja ufanye kazi mbili. Na wiki hiyo hiyo gemu ya mpira ilidai sasisho, bando letu la wiki nzima likaisha kabla sasisho halijafika nusu. Sizisemi vibaya za leo, maana bila hizo Asma asingewajua ndugu zake wa Muscat. Lakini kulipia bando ili mtoto abonyeze mpira, kisha gemu yenyewe imwombe pesa nyingine ya kununua wachezaji, hilo linaniuma na sitaacha kulisema.

Basi nikakumbuka sanduku. Si unajua Hamza alipoondoka mama alinipa ile mashine ya gemu niitunze, akasema nyumbani itakuwa kiota cha mende? Imo kamili: mashine, pedi mbili za kuchezea, bunduki, na ile kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999999. Unakumbuka tulivyokaa kuzihesabu, tukaandika kwenye daftari la hesabu, tukakuta ni zile zile zinajirudia kwa majina mengine? Fundi wa mtaani kanitengenezea adapta, tukachomeka kwenye flati. Haikuwaka. Nikaipuliza kaseti kama zamani, ikawaka, Asma akanishangilia. Kumbe nasikia kupuliza hakukuwa dawa: hewa ya mdomo ina unyevu, inaozesha vile vyuma. Kilichosaidia siku zote ni kule kuichomoa na kuirudisha. Usimwambie Hamza, alijiona daktari wa kaseti.

Mario akatokea, kanenepa kwa kuvutwa kujaza kioo kipana, lakini yupo. Kontra ipo. Nikamfundisha Asma ile siri ya kuongeza roho: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Hamza alitutoza kashata ngapi kabla ya kututajia? Aliyeitunga ni Mjapani wa kampuni ya gemu ya Konami, Kazuhisa Hashimoto. Alikuwa anaiandaa gemu iitwayo Gradius, mwaka 1986, ikamshinda mwenyewe kila alipoijaribu, akajiwekea mlango wa siri ili afike mwisho. Amefariki mwaka 2020. Zile roho 30 zote tulizozitumia kwenye Kontra, somo, tulikuwa tunakula mkate wake.

Halafu nikafungua ile ya kuwinda bata.

Asma kashika bunduki, kalenga, kavuta. Hakuna. Bata karuka zake, mbwa kainuka kwenye nyasi na kile kicheko chake. Mara ya kumi, hakuna. Nikaichukua mimi, nikaiweka mdomo wa bunduki kwenye kioo chenyewe kabisa, hakuna. Mbwa anacheka tu. Nikadhani bunduki imekufa, nikampelekea fundi. Kaifungua, kasema nzima, kisha akaniuliza, "TV yako ni chogo au flati?"

Hapo nikaelewa. Bunduki haitoi kitu, somo, ni jicho. Ukivuta, kioo chote kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Jicho likiona weusi halafu weupe, mashine inajua umelenga. Likiona mwanga muda wote, inajua unalenga kitu kingine, na ndiyo maana Shafii alipolenga balbu ya sebuleni hakupata hata bata mmoja. Sasa TV ya chogo inachora picha papo hapo, mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Flati inaipokea, inaikalia kidogo kuipanga, ndipo inaionyesha. Kuchelewa kwenyewe wewe na mimi hatukuoni, lakini mashine imeshafunga hesabu: kakosa. Hakuna cha kurekebisha. Gemu ile iliumbwa pamoja na kioo kile, na kioo chenyewe kimelala uani kwenu kinasubiri nyundo.

Ndiyo maana nakuandikia usiku huu na macho yameniiva. Nimeuliza mafundi watatu hapa mjini, kila mmoja ananiambia alizitupa zamani.

Asma anatimiza miaka 13 mwezi ujao. Nilimsomea habari ya mtoto wa Marekani wa umri huo huo aliyecheza Tetris, gemu ya kupanga matofali yanayodondoka, ya mashine hizi hizi za zamani, Desemba 2023, akapanda mpaka hatua ya 157 gemu yenyewe ikaganda, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuifikisha tangu ilipotoka 1989. Tangu siku hiyo ananiambia, "Mama, kumbe hazijaisha." Nataka siku yake ya kuzaliwa ampige bata. Nataka tukae chini, pedi moja, bunduki moja, zamu kwa zamu, mtu akikosa ampishe mwenzake. Hilo la kupishana hajawahi kulijua. Yeye na wenzake kila mtu ana kioo chake.

Kuhusu kuisafirisha: usimruhusu mtu kuifungua hata kama imechomolewa, ndani hubaki umeme mkali. Ifungeni kwenye lile godoro la mtoto lililochakaa, kioo kielekee kwenye godoro, na ipakiwe basi la asubuhi. Nitaipokea mwenyewe stendi ya Magufuli, Mbezi. Nauli ya mzigo juu yangu, na godoro nitalirudisha na mchele ndani yake.

Kuna lingine, nililikuta nikisoma haya ya bunduki, nalo limeninyima usingizi. Ile gemu ya bata, ukichagua ya bata mmoja mmoja, aliyeshika pedi ya pili anaweza kumwendesha bata. Anampeleka anakotaka. Somo! Hamza alikuwa amelala ubavu mkekani siku zote na pedi kifuani, tukimwuliza anasema ameishika isidondoke. Bata wangu mimi alikuwa anageuka kila nikivuta, anakimbilia pembeni, mpaka nililia siku ile ya Idi mbele ya wageni. Wa kwako walikuwa wanapaa katikati, wametulia, wanakusubiri. Miaka yote hii nimeamini wewe una mkono kuliko mimi.

Sasa nijibu. TV inawaka bado? Picha ina ule mstari wa kijani ubavuni? Yale matundu ya waya, nyekundu na nyeupe na njano, yapo mbele au nyuma, na hayajaziba? Goti la mama linaendeleaje, ile dawa niliyompa Mwanaidi imefika? Nipelekee shikamoo yangu, mwambie mashine yake haina mende hata mmoja. Rukia kajifungua? Chande karudi kazini au bado wanazungushana? Hamza anakuja Idi hii kweli, au ni ahadi zile zile? Na kuhusu bata, niambie kama somo kwa somo: ulijua?

Nipigie ukishaiingiza ndani, hata iwe saa sita usiku. Silali.

Somo yako,
Zainabu