Michango ya mtandaoni nayo ivunjiwe kamati

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kutoka Moshi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitenge, si mbali na soko la Mbuyuni. Ofisi yetu ina watu sita, meza nne na feni moja inayolia kama panya. Kazi yetu ni kuchangisha fedha mtandaoni. Mtu anatuletea shida yake, iwe matibabu, ada, madawati ya shule au paa la zahanati. Tunaihakiki, tunamfungulia ukurasa wenye picha, maelezo na kiasi kinachotakiwa, watu wanachanga kwa simu au kwa kadi ya benki, na fedha zinapelekwa zilikoombewa. Ofisi inakata asilimia 5. Nimelitaja hilo mapema kwa kuwa najua ndilo mlilokuwa mnalisubiri.

Mtaani tunaitwa wala michango. Wiki mbili zilizopita nilipanda bajaji ya Pasua, tukapiga soga na mama mmoja aliyepakata kuku, akaniuliza nafanya kazi wapi. Nilipomwambia, akasogea pembeni na kuku wake. "Kumbe ninyi ndio mnaokula hela za wagonjwa?" Nikamwuliza, mama yangu, nani kala? Akasema alichanga 10,000 za mtoto aliyeungua moto, linki alitumiwa na mwanawe aliyeko Dodoma, na tangu siku hiyo hajasikia kama mtoto alipona, alikufa au hakuwahi kuwepo.

Nilipofika ofisini nikalitafuta faili lile. Mtoto yupo, kapona, yuko darasa la pili. Fedha zililipwa hospitali na risiti tunazo. Ila yule mama hakuna aliyemwambia.

Mhariri, wewe unajua harusi zetu. Kamati inakaa miezi mitatu, kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna ahadi na kuna taslimu, na mjumbe asiyemaliza ahadi anapigiwa simu mpaka anazima. Lakini harusi haiishi siku ya harusi. Inaisha siku ya kuvunja kamati. Mweka hazina anafungua daftari mbele za watu: ukumbi kiasi gani, ndafu kiasi gani, kreti za soda ngapi. Kilichobaki kinanunuliwa nyama choma, watu wanakula, wanagombana kidogo kuhusu kreti mbili zisizojulikana ziliko, kisha wanaagana. Aliyetoa 20,000 na aliyetoa laki tano wanasikia hesabu ileile. Michango ya mtandaoni haina siku hiyo. Kiasi kikitimia ukurasa unanyamaza, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama usiku.

Mimi ndiye mhakiki. Zamani nilikuwa wakala wa fedha za simu, chini ya mwamvuli pale Majengo, hadi tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 na wateja wangu wakarudia kumkabidhi kondakta wa basi bahasha. Tozo ilikuja kupunguzwa, lakini mwamvuli nilikuwa nimeshaukunja. Chini ya mwamvuli huo ndipo nilipojua kwamba sisi si watu wachoyo. Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni Rhotia, kule Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva, watu walinijia na noti mkononi wakiuliza watume wapi. Vijana wa bodaboda. Mama muuza ndizi alinipa 2,000 zimelowa maji. Sikuwa na namba ya kuwapa, nikawaambia tusubiri itangazwe. Yule mama alikataa kuzichukua tena, akasema nimtunzie, asije akazila.

Sasa siku yangu inaanza saa mbili kasoro, chai ya maziwa na andazi kando ya simu. Nampigia afisa ustawi wa jamii wa hospitali, nampigia mtendaji wa kata, nampigia balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa kawaida ndiye anayejua ukweli wote, pamoja na ule nisiouhitaji. Nusu ya ninaowapigia hunikatia simu wakidhani mimi ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Meza ya pili yuko dada mwandishi, anayepunguza machozi kwenye maombi ya watu, maana anasema machozi yakizidi msomaji anafunga ukurasa. Kijana wa kompyuta kasoma hapa hapa, Chuo Kikuu cha Ushirika. Mhasibu wetu ni mama mtu mzima, tunamwita Mama Risiti, na nadhani sihitaji kueleza kwa nini. Halafu yuko kaka aliyekuwa mpagazi wa mlimani, huyu ndiye miguu yetu, anapanda vijijini na pikipiki kuona kwa macho. Wa sita ni bosi.

Tunakosea, wala sitaki kuficha. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha picha ya mtoto mwenye uvimbe shingoni. Barua ilikuwa na mhuri, na sauti kwenye simu ilikuwa sauti ya baba mwenye uchungu. Siku ya tatu kijana wa kompyuta akaitafuta picha ile mtandaoni, akaikuta kwenye tovuti ya nchi nyingine, ya miaka mingi nyuma. Tulirudisha fedha kwa mmoja mmoja, hadi aliyetoa 500, na gharama ya kurudisha ikabebwa na ofisi. Bosi hakunifokea. Mama Risiti alinifokea kwa niaba yake, siku nne.

Baada ya hapo nikawa mkali kupita kiasi. Akaja bibi kutoka Rombo, mjukuu anatakiwa kufanyiwa upasuaji, barua anayo lakini haina mhuri. Nikamrudisha. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili usharika wao ukafanya mnada baada ya ibada: mikungu ya ndizi, majogoo, boga moja lililouzwa mara tatu kwa sababu kila aliyelinunua alilirudisha mnadani. Fedha zikatimia kabla jua halijawa kali. Jumatatu bibi akarudi ofisini kwetu, nikajua leo nimepatikana. Kumbe alifuata barua yake tu, hospitali waliitaka. Akanishukuru kwa kumtunzia. Shukrani hiyo imenikwama hadi leo kama mwiba wa samaki. Na nilisikia baadaye kwamba Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisimama kwenye matangazo akasema mtoto ametoka salama chumba cha upasuaji, na bili ilikuwa kiasi fulani, na chenji ni hii hapa.

Umeona, Mhariri? Kamati ikavunjwa, ndani ya wiki moja.

Kwetu ipo kanuni kwamba kila ukurasa ukifungwa wachangiaji wote watumiwe taarifa ya mwisho. Tumeipangia Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana ndipo kila mtu ofisini huumwa tumbo. Ni kazi ngumu. Aliyepona hataki kukumbushwa. Kijana aliyelipiwa ada hataki wenzake bwenini wajue. Picha ya mgonjwa nayo siku hizi si ya kurushwa ovyo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, mtoto wa mtu si tangazo la sabuni. Halafu kuna waliofariki. Unampigiaje mama aliyetoka kuzika, umwulize risiti ya dawa? Mimi nimejaribu mara mbili, mara zote nikaishia kusema pole na kukata. Yule kaka wa pikipiki huenda mwenyewe. Haendi na fomu. Anakaa kwenye kigoda, akikaribishwa mbege anapokea, anasikiliza marehemu alivyokuwa, na mwisho wa yote risiti zinatolewa chini ya godoro bila yeye kuziomba.

Lakini sababu kubwa si ugumu. Ukurasa mpya unaingiza asilimia 5, taarifa ya mwisho haiingizi kitu. Hiyo ndiyo siri ya ofisi yetu, na nadhani ya ofisi nyingi za namna yetu.

Mwezi jana tulikaa kikao juu ya hayo makato. Kijana wa kompyuta alitueleza kwamba GoFundMe, tovuti ya kuchangisha ya Marekani, ilifuta makato yake ya asilimia 5 kwa michango ya watu binafsi nchini humo mwaka 2017, na JustGiving ya Uingereza ikafuta ya kwake mwaka 2019, sasa wanamwomba mchangiaji aongeze kidogo kwa hiari. Gharama za kadi zimebaki, ila makato ya kampuni yameondoka. Mpagazi wetu akacheka. "Hiyo ni tipu," akasema. "Mlimani mgeni anatoa tipu kwa sababu amekuona. Umebeba begi lake tangu geti la Machame, umetetemeka naye kambi ya Barafu. Huku nani anamwona mhakiki wetu anavyokatiwa simu?" Bosi naye akasema Mswahili ukimwambia hiari, anasikia bure. Tukacheka, na asilimia 5 ikabaki palepale.

Ila yule kaka alikuwa hajamaliza. Mlima wetu, alisema, wengi wanaupanda kwa ajili ya kuchangisha. Ipo Kili Challenge, ambayo tangu 2002 watu wanapanda kuchangia mapambano dhidi ya VVU na Ukimwi, na wapo wageni wanaokuja kupanda kwa ajili ya hospitali za watoto za kwao. Anasema amewaona wakifika Uhuru, mita 5,895, pumzi hamna, midomo imepasuka, mtu badala ya kukaa anahangaika kukunjua kitambaa chenye jina la hospitali apigwe picha. "Nilikuwa nadhani ni majivuno," akasema. "Kumbe alikuwa anawaonyesha waliomchangia kwamba amefika."

Kikao kiliishia hapo kwa sababu umeme ulikatika.

Nikuchekeshe kidogo. Baba yake Mama Risiti alipofariki, sisi wachangishaji tulichanga kwenye kaunta buku. Nikauliza, mbona tusifungue ukurasa, si ndiyo kazi yetu? Wakanitazama wote. "Ili tukatwe?" akasema dada mwandishi. Tukaandika majina kwa kalamu, bosi wa kwanza. Siku aliyorudi kazini, bado yuko kwenye nguo nyeusi, Mama Risiti hakukaa kitini kwanza. Alifungua lile buku akasoma: jeneza, Noah mbili za kwenda na kurudi, mchele, mkaa, maturubai. Zimebaki 14,500. Tukaagiza soda, akanywa na yeye. Hakuna aliyemtaka afanye vile.

Kwa hiyo baada ya habari ya mama wa kuku nilichukua orodha ya wote waliomchangia yule mtoto aliyeungua, zaidi ya mia mbili, nikawatumia ujumbe wa mistari mitatu: amepona, yuko shuleni, hospitali ililipwa kiasi hiki. Sikuweka picha. Walijibu tisa. Sijui kama mama wa kuku alikuwa mmojawapo, maana sikumwuliza jina. Mmoja wao aliandika hivi tu: "Mimi huyu mtoto nilikuwa nimeshamzika."

Sasa nimemwomba bosi jambo moja, na amesema atalifikiria, ambalo kwa anayemjua si jibu baya. Nataka ile asilimia 5 ofisi isiiguse mpaka taarifa ya mwisho iwe imetumwa. Ukurasa usipovunjiwa kamati, makato yakae. Nina hakika Ijumaa matumbo yatapona. Na wewe unayechanga, ukituona kimya, tupigie utuulize. Aliyetoa 1,000 ana haki hiyo. Katibu wa kamati ya harusi huwa anaulizwa mpaka barabarani, sisi tuna nini cha ziada?

Hapo nilitaka kuweka kalamu chini, lakini wewe pia, Mhariri, unachangisha. Kila baada ya wiki chache gazeti lako linatoa picha ya mgonjwa, maelezo ya ugonjwa na namba ya simu ya ndugu yake chini. Ni jambo jema na naomba msiliache. Ila nimekata vipande hivyo kwa mkasi tangu mwaka jana, ninavyo kwenye droo, na sijawahi kukata kinachosema ikawaje. Sidai ukurasa mzima. Nafasi ya kipimo cha tangazo la kupotelewa na cheti inatosha.

Na kwa kuanzia, kipo kipande kimoja hapa juu ya meza yangu, cha kijana wa miaka kumi na tisa mwenye tatizo la moyo, aliyetakiwa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nilituma 5,000. Ile namba siku hizi haipatikani. Naomba kujua anaendeleaje.

Mhakiki wa michango,
Majengo, Moshi