WiFi Haionekani Ukiweka Linux Mint? Anzia Hapa

Flashi ya Linux Mint (mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows) ikishawaka, usikimbilie kusakinisha. Mfumo unaendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa hiyo pima WiFi kwanza wakati Windows yako bado haijaguswa. Usipoona jina la mtandao hata moja, fungua Terminali uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Kwenye mabano ya mraba, tafuta jozi ya namba yenye nukta pacha katikati. Ikianza na 8086 kadi ya WiFi ni ya Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Za Intel ni nadra kusumbua. Inayowatesa wateja ni Broadcom, hasa BCM43142 yenye namba 14e4:4365, iliyomo kwenye laptopu nyingi za HP na Dell za zamani kidogo. Hapo utasoma "Kernel driver in use: bcma-pci-bridge" na kudhani draiva (programu ya kuendesha kadi) ipo. Haipo! Hiyo haiwezi kuiwasha WiFi ya kadi hii. Inayotakiwa inaitwa wl, na njia rahisi ya kuipata ni kupitia intaneti.

Simu ya Android inatosha. Ukishamaliza kusakinisha Mint, ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint huitambua bila kuongeza draiva yoyote. Isipoitambua, badilisha waya kabla ya kulaumu simu, maana nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha chaji tu. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini wakati wa kuwasha) imewashwa, utaombwa kutunga nenosiri. Liandike mahali. Ukiwasha upya laptopu itatokea skrini ya bluu inayokusubiri sekunde 10 tu: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka lile nenosiri. Wengi huiacha ipite wakidhani ni hitilafu, na matokeo yake kerneli (kiini cha Linux) inaikataa draiva iliyokwisha kuwekwa vizuri.

Kama WiFi bado kimya, andika rfkill list. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa sudo rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" ni swichi ya pembeni ya laptopu au kitufe chenye alama ya antena; hakuna amri itakayoifungua.

Kuna na wanaounganishwa lakini kurasa hazifunguki. Jaribu ping -c 4 1.1.1.1, kisha ping -c 4 packages.linuxmint.com. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakwama, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: fungua mipangilio ya muunganisho, sehemu ya IPv4, ujaze 1.1.1.1 kwenye nafasi ya DNS. Zote zikijibu lakini kivinjari kinalalamikia vyeti vya usalama vya tovuti, tazama tarehe ya laptopu. Laptopu inayorudi miaka ya nyuma kila ikizimwa kwa kawaida imeishiwa betri ya CMOS (betri ndogo ya ndani inayotunza saa), mara nyingi CR2032. Rekebisha saa uendelee na kazi, betri uibadilishe baadaye.