Usimpandishe Malkia kwa Baba Yake

Moshi, 9 Februari 2025

Mpendwa Mama Eriki,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote tu wazima, na Mama Neema amerudi kutoka Tanga akiwa na nafuu kubwa. Nisamehe kwa kimya changu cha tangu Krismasi. Juzi Baraka alinieleza kuwa Malkia, mbwa wenu jike, akiingia kwenye joto mtampandisha kwa Tembo, baba yake mzazi, ili damu ibaki safi. Tangu siku hiyo sijatulia, na nimeona heri niandike, kwa kuwa kwenye simu ningelia kabla ya kumaliza maneno.

Unamkumbuka Simba wangu, mbwa wa Kijerumani mwenye karatasi za ukoo nilizomwonyesha kila mgeni aliyeingia sebuleni. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu alianza kupanda ngazi kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura, nasi tukacheka tukidhani ni utundu. Baadaye nikawa nasikia usiku kucha zake zikikwaruza sakafu, mara tatu, mara nne, kabla hajaweza kusimama. Daktari wa mifugo alipokwisha kumpiga picha ya eksirei alikunja ngumi, akaiweka ndani ya kiganja cha pili, kisha akakinyoosha kiganja hicho polepole mpaka ngumi ikateleza. Hivyo ndivyo nyonga za Simba zilivyokuwa: tundu lilikuwa bapa mno, halikuweza kukishika kichwa cha mfupa wa paja. Nilimzika chini ya mparachichi akiwa na miaka sita.

Mama Eriki, siku ya Krismasi nilimwona Tembo akipanda ngazi za baraza lenu kwa namna ileile. Sikusema neno kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni, na kunyamaza kule kunaniumiza hadi leo.

Najua Baba Eriki atasema kwamba basi tufuge mbwa koko, kwa kuwa koko haugui. Hilo nalo si kweli. Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, kilipitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 waliotibiwa huko kati ya 1995 na 2010, kikaangalia maradhi 24 ya kurithi. Kumi yalionekana zaidi kwa mbwa wa damu safi, moja, yaani kukatika kwa kano ya goti, lilionekana zaidi kwa chotara, na 13 hayakuonyesha tofauti. Ugonjwa wa nyonga ulikuwa miongoni mwa hayo 13. Kwa hiyo simlaumu mbwa wa Kijerumani kwa kuwa Mjerumani. Ninachokiogopa ni kuwapandisha wazazi ambao hakuna aliyewapima, na hasa wakiwa baba na binti.

Kasoro nyingi za kurithi hujificha. Mbwa mwenye nakala moja mbovu ya kinasaba, yaani chembe ya urithi, huonekana mzima, na ugonjwa hujitokeza mtoto anapopokea nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Baba akipanda binti yake, katika kila kinasaba mtoto ana uwezekano wa robo nzima wa kupata nakala ileile ya Tembo mara mbili, mara ya kwanza kwake mwenyewe na mara ya pili kupitia kwa Malkia. Nyonga huhusisha vinasaba vingi, na uzito na chakula huchangia pia, lakini kwa nini tuanze na robo hiyo?

Hata wenye vitabu vya ukoo walilazimika kufungua mlango. Basenji, mbwa wa Kongo ambaye jina lake sikio letu haliwezi kulisikia bila kukumbuka neno washenzi, alienezwa Ulaya na Marekani kutokana na mbwa wachache sana, na ugonjwa wa figo unaomwaga sukari kwenye mkojo ukaota mizizi katika uzao huo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walikwenda Zaire kuchukua mbwa wa vijijini ili kupata damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa huko Marekani, ikawafungulia kitabu chake cha ukoo. Mbwa wa kijijini, asiye na karatasi hata moja, ndiye aliyeombwa msaada.

Nakusihi basi, kabla ya joto la Malkia wapigwe picha ya nyonga wote wawili, na atafutwe dume wa ukoo mwingine aliyepimwa. Gharama ya picha ya Malkia nitachangia nusu, na usinikatalie.

Je, Tembo bado anatangulia kuinuka kwa miguu ya mbele? Asubuhi za baridi huchukua muda gani kabla hajanyooka? Malkia naye umemwangalia anapokimbia? Wale ndugu zake waliouzwa Arusha wanatembeaje, na je, wenyewe wamewahi kuwaambia lolote? Baba Eriki ameshachukua fedha za watu kwa watoto ambao hawajazaliwa? Na joto lake unalitarajia lini, ili nijue kama nina wiki au nina siku?

Nakungoja,
Mama Doreen