Damu ya Mustafa isimlilie Hürrem peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl, inayosimulia maisha ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem, na hasa kuhusu namna sisi watazamaji tulivyozoea kuwahukumu wahusika wake. Mahidevran, suria mwingine wa Suleiman, na Mustafa, mtoto wa kiume aliyemzalia sultani, tunawaonea huruma, Hürrem tunamwita mfitini, na sultani tunamwona mzee aliyepumbazwa na mapenzi. Naiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno, na nadhani watunzi wenyewe ndio waliotuelekeza huko, kwa kuwa wivu wa wanawake wawili hupendeza kwenye skrini kuliko kanuni ya kurithi kiti.

Na kanuni hiyo ndiyo kiini cha kisa chote. Katika Dola ya Uthmaniya ya karne ya 16 hapakuwa na mrithi aliyejulikana tangu kuzaliwa. Wana wote wa sultani, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na haki ya kiti, na yule aliyewahi kukikalia aliruhusiwa, kwa kanuni inayonasibishwa na Mehmed wa Pili aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Ruhusa hiyo haikubaki kwenye karatasi, kwani mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipotawazwa aliamuru ndugu zake 19 wanyongwe. Basi tumfikirie mama mwenye wana kadhaa chini ya utaratibu huo, huku Mustafa, mtoto wa mwanamke mwingine, akiwa mtu mzima, liwali mzoefu na kipenzi cha askari. Siku Mustafa anapotawala, ndiyo siku ambayo roho za wanawe zimo hatarini. Ili Hürrem ampinge Mustafa, haikuwa lazima awe na roho mbaya. Ilitosha kwamba amezaa.

Sultani naye alikuwa na sababu zake za hofu, na hizo hazikutungwa na mkewe. Mwaka 1512 baba yake, Selim wa Kwanza, akisaidiwa na Janisari, askari wa miguu wa sultani, alimwondoa madarakani baba yake mzazi, Bayezid wa Pili, kisha akawaua ndugu zake na watoto wao. Wakati huo Suleiman alikuwa kijana anayejua kinachoendelea. Kwa hiyo, mwaka 1553, wakati wa vita dhidi ya Waajemi, alipofikishiwa habari kupitia kwa mkwewe, waziri mkuu Rüstem Pasha, kwamba askari wanasema sultani amezeeka na wanamtaka Mustafa, hakuhitaji kunong'onezwa chumbani ili aelewe maana yake. Alimwita mwanawe kambini karibu na Ereğli, na tarehe 6 Oktoba Mustafa akanyongwa ndani ya hema la baba yake. Sisemi kwamba Hürrem na mkwewe hawakushiriki. Ninachosema ni kwamba maneno yao yalimkuta mtu ambaye nyumba yake ilikwisha kumfundisha kuyaamini.

Kuhusu kuuawa kwa Ibrahim Pasha mwaka 1536, ambako pia Hürrem hulaumiwa, sitarefusha. Waziri mkuu aliyekusanya mamlaka mengi kiasi kile kwa miaka 13 alikuwa na maadui wa kutosha nje ya nyumba ya wanawake.

Mapenzi yenyewe, ambayo wengine huyaona kuwa kiungo tu cha kunogesha tamthilia, yalikuwa jambo zito la kisiasa. Ilikuwa desturi suria akishamzalia sultani mtoto wa kiume asirudi tena kwake; angemlea mtoto huyo na hatimaye kufuatana naye mkoani alikopewa uliwali. Suleiman aliivunja desturi hiyo. Hürrem alimzalia wana watano na binti mmoja, akaachwa huru, akaolewa rasmi, akabaki mji mkuu karibu na mumewe. Barua alizomwandikia sultani akiwa vitani zimehifadhiwa hadi leo, nazo zimechanganya maneno ya mahaba na habari za mji. Aliandikiana hata na mfalme wa Poland. Kwa sababu hiyo sikukubaliana na lawama zilizotolewa Uturuki, zikiwamo za Recep Tayyip Erdoğan, waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, mwaka 2012, kwamba tamthilia imemshusha hadhi sultani aliyetumia maisha yake juu ya farasi kwa kumwonyesha akiwa miongoni mwa wanawake. Vita alipigana, na mwaka 1566 alifia vitani huko Szigetvár, Hungaria; lakini suala la nani atamrithi liliamuliwa pia ndani ya kasri. (Magauni ya wazi yale ni suala jingine, na hapo wakosoaji sina ugomvi nao.)

Anayeshikilia bado kwamba chanzo ni mwanamke mmoja atazame yaliyofuata. Hürrem alifariki mwaka 1558, Mustafa akiwa kaburini tayari. Mwaka mmoja tu baadaye, wanawe wawili wa tumbo moja, Selim na Bayezid, walipigana na majeshi yao karibu na Konya. Bayezid alishindwa, akakimbilia kwa Shah Tahmasp wa Uajemi, akatolewa kwa malipo na kuuawa pamoja na wanawe. Hapo hapakuwa na mama wa kambo wala suria mwenye kijicho.

Na Mahidevran, ambaye baada ya kifo cha mwanawe aliishi Bursa katika dhiki na madeni, alipata nafuu Selim alipokuwa sultani. Mtoto huyo wa Hürrem ndiye aliyemnunulia nyumba na kumwekea posho.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wa ukurasa wa burudani wanapowasimulia wasomaji yaliyojiri katika tamthilia za aina hii, waongeze aya moja ya kueleza sheria na desturi zilizowabana wahusika, ili anayemlaani Hürrem amlaani akiwa anajua ni chaguo gani jingine lililokuwa mbele yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji na mtazamaji