Hati safi isitumike kutunyamazisha

Ndugu Mhariri,

Habari yako kuhusu halmashauri yetu kupata tena hati safi imenirudisha kwenye kalamu baada ya miaka mingi ya kukusoma kimyakimya. Uliwaonyesha viongozi wetu wakipongezana kana kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amewavisha nishani. Hati hiyo husema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Kasoro za fedha zetu zimo kwenye hoja, yaani dosari ambazo wakaguzi wanataka zijibiwe, katika kurasa ambazo mwandishi wako, naona, hakuzifungua.

Mimi nilizisikia zikisomwa. Mwaka jana niliketi benchi la nyuma katika kikao maalumu cha Baraza la Madiwani. Ilipofika hoja ya malipo yasiyo na viambatisho, yaani risiti na nyaraka za kuyathibitisha, ofisa mhusika alijibu, bila kuinua macho, kwamba viambatisho vimepatikana na vinasubiri uhakiki. Jibu hilo nililisikia neno kwa neno mwaka uliotangulia. Diwani mmoja alipouliza viko wapi, mwenyekiti alimkumbusha kwamba chai inapoa, na hoja ikapita. Wakaguzi wamepekua vocha moja baada ya nyingine, Katiba katika Ibara ya 143 imewalinda wasiamriwe na mtu yeyote, ripoti imefika kwa Rais kabla ya Machi kwisha na kisha bungeni, halafu safari yote hiyo inakuja kukwamishwa na birika la chai na sahani ya sambusa!

Hata mapato na matumizi ya robo mwaka hatuyaoni. Ubao wa matangazo una kioo chenye kufuli, karatasi ya ndani imekwisha kuwa njano, na ufunguo, niliambiwa, aliondoka nao mtumishi aliyehamishwa. Kuhamishwa ndiyo adhabu tunayoijua hapa.

Napendekeza kila hoja isomwe pamoja na umri wake, na ofisa atakayerudia jibu la mwaka jana alitoe akiwa amesimama, ameshika viambatisho vyenyewe mkononi, kabla birika halijaingia ukumbini. Ufunguo wa ubao nao uingizwe kwenye orodha ya hoja. Pengine mkaguzi akiuuliza utapatikana.

Msomaji wako wa siku nyingi