Kabla ya kununua kadi ya gemu, fungua kasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Tanga wapenda magemu, na wazazi wao ambao ndio hutoa fedha. Kompyuta za mezani zilizotoka maofisini zinauzwa mitaani kwetu, na kuigeuza moja iwe ya kuchezea magemu ni jambo linalowezekana bila kuuza ng'ombe. Kinachoniuma ni kuona fedha inaanzia mahali pasipofaa. Kijana anaagiza kadi ya picha, ile inayochora picha za gemu, kutoka Kariakoo, inafika na basi, ndipo anafungua kasha kuangalia kama itaingia. Kadi haichaguliwi na mfuko peke yake. Inachaguliwa na kasha na pawasaplai, yaani kiboksi cha kugawa umeme, iliyomo ndani.

Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Jina ni hilo hilo, lakini makasha yake ni manne. Lile kubwa la kusimama lina pawasaplai ya wati 275 na linapokea kadi ya kimo cha kawaida. Jembamba lina wati 240 na linakubali kadi fupi tu, yenye bati dogo la nyuma. Dogo kuliko yote, la wati 200, halina hata sloti ya kuchomekea kadi. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, inaweza kuwa nzuri na bei ikakuvuta, lakini kwa magemu makubwa usilichukue. Muuzaji akikwambia "hii ni 7010" bado hajakwambia kitu. Muulize ni kasha lipi.

Sasa umeme. Sloti ya kadi, kwa kanuni yake, hutoa wati 75 basi, na pawasaplai za mashine hizi kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wa kuiongezea kadi umeme. Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na hizo 75: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya mwaka 2019, zote zenye kumbukumbu ya GB 4. Hata hapo kagua ukingo wa juu wa kadi yenyewe, kwa sababu zipo zenye majina hayo hayo zilizowekewa tundu la pini 6, na tundu hilo lisipopata umeme kadi haifanyi kazi. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hutoa kebo ya kugeuza, kutoka kichwa cha umeme cha SATA, kile cha kulishia diski, kwenda pini 6. Mkatalie. Kichwa cha SATA kina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta hadi 75. Gemu likikolea, pini zinapata moto, plastiki inalainika, na harufu ya kuungua inakuja wakati kichwa kimeshayeyuka.

Anayetaka kadi kubwa zaidi abadilishe pawasaplai nzima. Kwenye 7010 ya kusimama inawezekana, maana kichwa chake ni cha kawaida cha pini 24. Mashine ya kizazi kilichofuata, OptiPlex 9020, ina pini 8 za Dell wenyewe, na pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta.

Mwenye kasha jembamba asikate tamaa: GTX 1650 fupi zipo. Lakini akishuka hadi GT 1030 ya GB 2, awe macho. Kuna mbili zenye jina moja. Ya kumbukumbu aina ya GDDR5 inasukuma GB 48 kwa sekunde kwenye kumbukumbu yake. Ya DDR4 inasukuma GB 16.8 tu. Boksi karibu ni lile lile, na ile dhaifu itakuangusha kwenye gemu ambalo mwenzake analicheza vizuri. Soma maandishi madogo ya boksi mpaka uione GDDR5 kwa macho yako.

Kadi bandia nazo zipo. Kadi ya zamani sana huandikwa upya programu yake ya ndani ikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti, na Windows ikaamini. Chipu halisi ya kizazi hicho haitoi picha ya VGA, njia ya zamani ya kuunganisha monita, kwa hiyo ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA la bluu, itilie shaka mara moja. Kisha fungua programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Nyingi za bandia huzitambua na kuandika FAKE mbele ya jina. Na hiyo VGA iandalie bajeti pia: kama monita yako haina tundu lingine, utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, cha HDMI kwenda VGA. Plagi tupu ya kubadilisha umbo haitaleta picha.

Kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, GB 8 ndiyo pa kuanzia, na mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. Ziwe DDR3 ndefu za mezani. Za seva zenye maandishi ECC Registered hazikubali hapa, na zile rahisi zilizoandikwa kuwa ni za AMD zinagoma kwenye mashine za Intel. SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 240 inatosha kuanzia. Haitaongeza mwendo wa picha lakini gemu litafunguka bila kusubiri sana. Diski ya zamani ibaki kwa filamu.

Prosesa iache mwisho. Waliotengeneza GTA V wenyewe waliitaja prosesa ya Intel i5-3470 katika orodha ya vifaa wanavyopendekeza, na FIFA 19 ilikubali kuanzia i3-2100. Ukiipata i7-3770 kwa bei nzuri, inaingia tundu lile lile na inakula wati 77 zile zile, lakini fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye kadi. Wazazi wasidanganywe kwamba mashine hii itacheza kila kitu. Prosesa za kizazi cha 3 hazina amri za AVX2, zilizokuja na kizazi cha 4 mwaka 2013, na baadhi ya magemu mapya hayafunguki bila hizo. EA Sports FC 24 inataka angalau i5-6600K na nafasi ya GB 100. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Anayelenga magemu ya mtandaoni ya sasa afikirie mashine nyingine tangu mwanzo.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Mashine ikiwaka bila picha, usikimbilie kusema mazabodi (bodi kuu) imekufa. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa kwa spiriti kavu, rudisha mpaka vibanio vilie pande zote mbili. Mashine nyingi zilizotangazwa mfu huamkia hapo. Feni ya prosesa ivuliwe, pesti ya kupitisha joto iliyokauka ifutwe, iwekwe mpya kiasi cha punje ya choroko. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ya CR2032. Na kifuniko kifungwe: kukiacha wazi hupoteza mkondo wa upepo uliopangwa kutoka mbele kwenda nyuma, na hualika chumvi na vumbi. BIOS kuukuu (programu ya kuamshia mazabodi) inaweza kuikataa kadi mpya, hivyo isasishwe kabla, lakini bila UPS (betri ya kushikilia umeme) usijaribu. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.

Kwa wauzaji wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora nina ombi moja. Bandikeni kwenye kila mashine karatasi yenye aina ya kasha, wati za pawasaplai na aina ya RAM, na kwa kadi za mtumba mruhusuni mnunuzi aicheze gemu nusu saa pale pale dukani kabla hajatoa fedha. Kadi yenye hitilafu ya joto haijionyeshi kwenye dakika 2 za kuwasha na kuzima.

Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga.